MASUFURIA YA MSIKITI NI WAQFU, SI MALI YA JUMLA



Ndugu yangu katika imani, leo sikuletei habari za swala wala za funga. Nataka tuzungumze habari za masizi na ukoko.

Hivi karibuni mama mmoja hapa kwetu Mkuza, aliye edani, alimtuma kijana wake aje kuazima masufuria ya hitima ya baba yake. Tukafungua stoo. Yapo mawili makubwa, muumini aliyatoa waqfu. La kwanza limegandana ukoko mweusi, umeshaota ukungu. La pili mtu amelikwangua kwa ncha ya chuma mpaka limetoboka kitako. Kijana akaenda kukodi kwa fedha iliyokuwa ya mchele.

Sote tumehifadhi Surat Al-Maun tangu chuoni. Mwisho wake Mwenyezi Mungu anawalaumu wanaozuia "maun". Ni kitu gani hicho? Ibn Masud (R.A) amesema, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba zama za Mtume (S.A.W) wao walikuwa wakihesabu kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Chungu, bwana! Kitu cha jikoni kimeingia katika tafsiri ya Qur'ani.

Wengi tunaisoma sura hii kumlaumu jirani anayenyima. Lakini jiulize, yule jirani alianza lini kunyima? Mara nyingi alianza siku ile sufuria yake iliporudi imeungua, haina mfuniko, na aliyeileta akaiacha mlangoni kimya kimya. Mwenye kuharibu ana fungu lake katika ule mkono uliofungwa.

Basi sikiliza jinsi ya kuitunza, maana baadhi ya wanaoharibu wanadhani wanasafisha. Ukishaepua, usimimine maji baridi sufuria ikiwa bado ya moto. Kitako hupinda, na ikishapinda haikai sawa juu ya mafiga. Iache ipoe. Tia maji yafunike ukoko, rudisha juu ya makaa machache yachemke taratibu, kisha toa kwa mwiko wa mbao. Utaona ukoko unaachia wenyewe. Hapo ndipo dodoki na sabuni.

Majivu, mama zangu, ni mazuri kwa nje. Ndani ya alumini yanaila na kuifanya nyeusi, na magadi vivyo hivyo. Ikishapiga weusi ndani, chemsha maji yenye ndimu au ukwaju, weusi utapungua. Ila ukwaju huohuo, na nyanya na chumvi, usiviache vilale humo usiku kucha, vinachimba vitundu. Mchuzi uliobaki hamishia kwenye chombo kingine, na ukifunike, kufunika vyombo usiku nako ni mafundisho ya Mtume (S.A.W).

Na masizi? Wapishi wetu wa zamani walikuwa na akili. Kabla ya kuinjika kwenye kuni walipaka nje sabuni ya mche iliyoloweshwa, au majivu yaliyokorogwa na maji. Shughuli ikiisha, masizi yanatoka kwa kuoshwa tu. Siku hizi vijana wanainjika kavu, halafu wanasugua kwa mchanga mpaka sufuria inakuwa nyembamba kama bati.

Karai la chuma likaushe juu ya moto, ulipake mafuta kidogo, lisipate kutu. Na usipange masufuria stoo yakiwa na maji. Yaanike kwanza kichanjani.

Sasa suala la kulipa, ambalo watu hawapendi kulisikia. Anas bin Malik (R.A) amesimulia, na imo katika Sahihi Bukhari, kwamba mmoja wa wake wa Mtume (S.A.W) alivunja sahani ya mke mwenzake iliyoletwa na chakula. Mtume akaokota vipande na chakula kwa mikono yake, hakugomba, lakini hakuacha lipite. Sahani nzima ikapelekwa kwa mwenyewe, iliyovunjika ikabaki nyumbani kwa aliyevunja.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, cha jirani ulichoazima kikiharibika nje ya matumizi yaliyoruhusiwa, unalipa, hata kama hukukusudia. Cha waqfu, uliyekitumia ukafanya uzembe, unalipa. Kuchakaa kwa matumizi ya kawaida hakuna deni. Lakini kukwangua kwa chuma mpaka kutoboa si matumizi ya kawaida.

Kuanzia Ijumaa hii kutakuwa na daftari stoo. Unachukua, unaandikwa, unarudisha, kinakaguliwa mbele yako, pamoja na mfuniko wake. Lile lililotoboka, fundi amesema linazibika. Aliyelichukua mara ya mwisho anajijua. Aje baada ya Isha tuzungumze, jina lake halitatajwa.

Wabillahi tawfiq.