Safari ya Mulungu, kwenye Miti ya Kinini

Atokaye Bukavu na kuishika barabara ya Kavumu huwa na ziwa la Kivu mkono wa kuume, migomba mkono wa kushoto, na mbele yake, mbingu zikiwa safi, mlima Kahuzi wenye mita 3,308. Njia hiyo tuliipita mwaka 2018, wakati wa likizo kubwa, pamoja na wanafunzi saba wa darasa letu. Hatukwenda kwa matembezi tu. Tulikuwa na swali, na swali lenyewe lilitoka nyumbani mwa mmoja wa hao saba.

Kijana huyo, ambaye jina lake hatutalitaja, alikuwa ameshikwa na homa siku chache baada ya Pasaka. Nyanya yake, mama asifiwaye kijijini kwa kujua majani na mizizi, akachemsha gome la mti wa kinini alilolichuma katika shamba lililoachwa. Akamnywesha kikombe, akaongeza cha pili, na usiku akampa cha tatu. Kesho yake vivyo hivyo. Homa ilipungua kweli. Lakini siku ya tatu mtoto akasema kwamba masikio yake yanalia kama mzinga wa nyuki, na Jumapili hakuisikia kengele ya Misa, naye alikuwa amesimama chini ya mnara. Kwenye kituo cha afya muuguzi akamwuliza yule mama kwa upole: «Mama, ulimpa kiasi gani?» Akajibu: «Nilimpa hata homa ikaogopa.»

Usikivu wake ulirudi baada ya siku kadhaa, twamshukuru Mungu. Ila neno la yule mama lilikaa nasi. Kinini ikizidi huumiza masikio na macho, hushusha sukari ya damu, tena huweza kuuvuruga mwendo wa moyo. Basi gome hili ni dawa ama ni sumu? Ndilo swali tulilolipeleka Mulungu.

Tulipita soko la Mudaka katika vumbi jingi, na karibu na Miti tukaiacha barabara kubwa, tukapanda. Huko juu hewa hubadilika. Wanafunzi waliokuwa wakijipepea kwa madaftari wakaanza kufunga vifungo vya shati. Mulungu ni kituo cha uchunguzi wa kilimo, cha INEAC wakati wa Wabelgiji, baadaye cha INERA. Miti ya kinini, ambayo wengi kwetu huiita kinkina kwa jina la Kifaransa, ilienezwa katika milima hii ya Kivu katika miaka ya 1930.

Mzee mmoja aliyeifanya kazi ya miti hiyo tangu ujana wake akatupokea. Tulimkuta shambani, panga mkononi. Mti wenyewe si wa kutisha: shina jembamba, majani mapana yenye kung'aa, na yale yanayozeeka huwa mekundu. Mzee akakwangua shina kidogo, akampa kila mtoto kipande cha gome aguse kwa ulimi. Nyuso zao zilikunjamana zote mara moja, na Mzee akacheka sana.

«Mti huu babu zetu waliutumia tangu lini?» akauliza mmoja.

«Babu zako hawakuuona,» akajibu Mzee. «Ni mgeni kama mhogo.»

Ndivyo ilivyo. Kwao ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Gome lililosifiwa zaidi lilitoka pande za Loja, katika nchi iitwayo leo Ekwadori. Wenyeji waliwaonyesha wageni, na mapadri Wajesuiti waliokuwa Peru wakalipeleka Ulaya katika karne ya 17. Roma yenyewe ilikuwa mji wa malaria, kwa sababu ya mabwawa yaliyouzunguka. Kardinali Juan de Lugo, Mjesuiti wa Hispania, akataka gome hilo lichunguzwe, kisha akaligawia maskini bure. Watu wakaliita unga wa Kardinali. Katikati ya karne hiyo ikachapwa Roma karatasi moja iliyoeleza namna ya kulitumia, na humo, wasomaji wapenzi, hawakuandika «kunywa hata homa iogope». Waliandika uzani wa unga, na saa ya kuunywa.

Waprotestanti wengine wa Uingereza waliukataa unga huo, wakisema ni hila ya Wajesuiti ya kuwaua. Tusiwacheke upesi. Hata kwetu wapo wakataao chanjo kwa sababu ya mkono unaoileta.

Lakini karatasi ya Roma ilikuwa na upungufu ambao mtu wa wakati ule hakuweza kuuondoa. Mzee alituonyesha jambo hilo bila kukusudia. Alisimama katikati ya miti miwili iliyopandwa siku moja, akasema: «Huu una nguvu. Huu ni kuni tu.» Tukamwuliza ajuaje. Akasema yeye hajui. Walioujua ni watu wa maabara, waliochukua kipande cha kila mti wakakipima. Kwa macho miti ile ilikuwa mapacha. Basi mtu apimaye gramu mbili za unga wa gome hajui bado amepima nini, kwa kuwa gome moja laweza kuwa na kinini mara tatu au nne kuliko jingine. Hapo tulimwona kijana wetu akishika sikio lake.

Fundo hilo lilifunguliwa Paris mwaka 1820. Wafamasia wawili, Pelletier na Caventou, walikitoa katika gome kile kiini chenyewe kiponyacho, cheupe, kichungu, wakakiita kinini. Tangu siku hiyo ikawezekana kupima dawa, wala si mti. Bukavu nayo imekuwa na kiwanda cha kazi hiyo, Pharmakina. Gome husagwa, unga huchanganywa na chokaa, kinini huvutwa kwa mafuta ya moto au kwa maji makali ya namna hiyo, kisha asidi huigeuza kuwa chumvi nyeupe. Shambani kazi ni ya mikono: hupiga matawi kwa rungu hata gome liachie, hulianika, na lisipokauka upesi huota ukungu.

Chini ya kivuli tuliwasimulia watoto habari ya mtu ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja. Miti iliyo bora duniani kwa kinini huitwa Cinchona ledgeriana, kwa jina la Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza. Lakini Ledger hakuitambua miti hiyo. Aliyeitambua ni mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, mtu wa taifa la Waaymara wa Bolivia, aliyejua mlimani mti upi wenye nguvu na upi ni kuni. Yeye ndiye aliyekusanya mbegu, ijapokuwa kuzitoa nchini kulikatazwa. Mwaka 1865 zikafika London. Serikali ya Uingereza haikuzitaka, Waholanzi wakanunua ratili moja hivi, wakaipanda Java. Maganda ya porini mengi yalikuwa na sehemu 2 au 3 za kinini katika 100. Katika miti ya mbegu ile zilipatikana zaidi ya 10. Mwaka 1871 Mamani alikamatwa akitafuta mbegu nyingine, akapigwa, akafa. Jina la mti likabaki la bwana wake.

Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, nchi zilizopigana nao zilikosa karibu kinini yote, na milima kama hii ya Kivu ikatafutwa kwa bidii. Siku hizi mambo yamegeuka tena. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya la Dunia, OMS, hushauri artesunate kwa malaria kali ya wakubwa na ya watoto, mahali pa kinini. Dawa hiyo hutokana na jani la Kichina. Mama mtaalamu, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha karne ya 4 kwamba jani hilo huloweshwa na kukamuliwa; akafahamu kwamba moto waweza kuiharibu nguvu yake, akaitoa kwa njia ya ubaridi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jani lilelile, artemisia, hupandwa sasa katika viwanja vingi vya Kivu na kunywewa kama chai. OMS haiikubali chai hiyo kwa kuponya malaria, kwa sababu ileile ya miti miwili ya Mzee: hakuna ajuaye kikombe kina kiasi gani.

Hatukuweza kurudi bila kupita kwa nyanya ya kijana wetu. Tulikuwa tumeomba kwa muuguzi kidonge kimoja cha kinini kilichopita muda wake. Tukakiponda katika glasi ya maji, tukakamua ndimu, tukaiweka juani mbele ya kitambaa cheusi. Maji yakatoa mwanga hafifu wa buluu. Mama akaizunguka glasi, akaitazama toka juu na toka kando.

«Na wa kwangu, katika sufuria, ulikuwa kiasi gani?»

Tukamwambia kwamba hata sisi, tukiwa na sufuria yake mkononi, hatungeweza kusema. Yawezekana cha kwanza kilitosha, yawezekana kilizidi. Akanyamaza. Mjukuu wake ndipo akamsimulia habari ya Mamani, akikosea miaka lakini asikose kipigo.

«Yule aliyeujua mti,» akasema mama, «jina lake mwasemaje?»

Tukalitaja. Akalirudia polepole, mara mbili, Mamani, Mamani, kisha akainuka kwenda kutuletea ndizi.