Baba Yupo Nyumbani, Cheti Kimekwama

Mke wa baharia huzoea kuhesabu miezi ambayo mumewe yuko majini. Huko Marekani, mwaka 2025, wapo waliohesabu siku ambazo mume alikaa nyumbani bila kazi. Serikali ilifungwa Oktoba 1 kwa sababu bunge halikupitisha bajeti, ikafunguliwa Novemba 12.

Baharia wa meli za biashara wa nchi hiyo hafanyi kazi melini bila cheti cha Walinzi wa Pwani, ambacho hudumu miaka 5. Maombi hushughulikiwa mjini Martinsburg, West Virginia. Ofisi ikifungwa, fomu hulala mezani. Lakini meli haingoji. Nafasi huenda kwa mwenye karatasi kamili.

Mzigo huo huangukia nyumbani. Mtoto anafurahi kumwona baba kila siku. Mama anawaza kodi ya nyumba. Baba, aliyezoea kutuma pesa, anajiona kama mgeni kwake, na hasira ya ofisi inamshukia mtoto aliyemwaga chai.

Hapo ukweli kidogo unasaidia: "Baba hajafukuzwa kazi, anasubiri karatasi." Mtoto akielewa hivyo, hatadhani yeye ndiye kosa. Nao wazazi wakae pamoja mapema, wapange matumizi, wazungumze na mwenye nyumba kabla deni halijalimbikizana. Cheti kinachoelekea kuisha kiombewe upya mapema, maana wanasiasa wakigombana, hawaulizi nyumbani kwa nani pamebaki unga.