Siku mbili kando ya ziwa la Genève



Wengi wenu mliniuliza, sokoni na nje ya kanisa: "Mwalimu, kule Ulaya uliona nini?" Nimeona heri niandike mara moja, tusome wote. Mambo ya semina nilikwisha kuyapeleka kwa walimu wenzangu. Leo nawaletea habari ya siku mbili tulizokuwa bila kazi, siku ya posho na siku ya yenga, mwezi wa sita, katika mji wa Genève, inchi ya Uswisi.

Niseme ukweli: nilitaka kulala tu. Pesa ya chakula tuliyopewa nilikuwa nimeshaihesabu: minerval ya watoto na mabati ya jikoni. Tena moyo ulinilaumu. Mama mkwe amebaki na watoto wangu watatu, mimi niende kutembea-tembea? Mwalimu mmoja kutoka Burundi ndiye aliyenitoa chumbani. Alisema: "Dada, kutazama hakulipishwi. Vaa viatu." Na kweli, hoteli ilikuwa imetupa karta ya kupanda basi, tramu na mashua ndogo za mjini bila kulipa. Kwa maji ya kunywa, tulijaza chupa kwenye visima vya barabarani.

Tulipofika kando ya maji nilisimama kimya. Mji huo umekaa kama Bukavu yetu! Genève iko kwenye mwisho wa ziwa Léman, pale mto Rhône unapotoka kwenda zake mpaka bahari ya Mediterania. Bukavu nayo iko kwenye mwisho wa Kivu, pale Ruzizi inapotoka kwenda Tanganyika. Milima iko huku na huku, na ng'ambo ni inchi ya wengine: kwao Ufaransa, kwetu Rwanda. Ziwa letu ni kubwa kuliko lao. Léman ina kilometa za mraba 580 hivi, Kivu ina karibu 2.700. Nilijisikia mwenye mali kidogo.

Katikati ya maji kuna mrija mkubwa unaorusha maji juu mita 140, lita 500 kila sekunde. Nilidhani ni urembo tu, kumbe ulianza kama kazi. Mwaka wa 1886 kulikuwa na kiwanda kilichosukuma maji ya Rhône ili kuendesha mashini za mafundi. Jioni mafundi walipofunga, maji yalikosa pa kwenda na nguvu yake ikazidi, basi wakayafungulia njia ya kuruka juu. Watu walipenda kuyaona, na mwaka wa 1891 yakahamishwa pale ziwani yalipo leo.

Siku ya posho tulipanda mji wa kale, wenye barabara nyembamba za mawe. Pale Grand-Rue tulisimama mbele ya nyumba alimozaliwa Jean-Jacques Rousseau mwaka wa 1712. Walimu waliopita ISP wanalijua jina hilo: ndiye aliyeandika kitabu Émile, juu ya namna ya kulea mtoto. Mji huo huo wa Genève ulikichoma kitabu chake mwaka wa 1762. Leo nyumba yake ni mahali pa wageni. Lakini mimi kama mama nilikumbuka jambo lingine: watoto wake watano aliwapeleka wote kwenye nyumba ya watoto walioachwa, naye mwenyewe alikiri. Kuandika juu ya malezi na kulea si kazi moja. Nilimfikiri mama mkwe wangu, ambaye hakusoma kitabu hata kimoja cha pedagojia, na wakati ule alikuwa anawaogesha watoto wangu.

Siku ya yenga, kisha ibada, tulipanda mashua ndogo kuvuka ziwa. Macho yangu yalitafuta jile za kuokoa maisha kabla ya kutafuta kiti. Zilikuwapo, na maandishi yalionyesha mahali pake. Mwenzangu alicheka woga wangu, kwa sababu safari ilikuwa ya dakika chache. Mimi sikucheka. Ninyi mnajua sababu. Mwezi wa kumi wa 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Goma, watu wakiiona kutoka pwani, na makumi ya watu wakafa. Wengi wetu tuna jirani au ndugu aliyelala katika maji ya Kivu.

Mashua ilitushusha Pâquis. Hapo kuna mahali pa kuogelea pa watu wote, palipojengwa mwaka wa 1932. Kuingia ni faranga 2 tu. Wakati mmoja serikali ya mji ilitaka kupabomoa na kujenga upya. Wakaaji walijiunga katika shirika, wakakusanya sahihi, na mwaka wa 1988 watu wakapiga kura pabaki. Leo wazee, wamama na watoto wanaoga pamoja hapo. Maji yanaonekana mpaka mawe ya chini. Lakini hayakuwa hivyo siku zote. Miaka ya nyuma ziwa hilo lilikuwa linajaa majani kwa sababu ya maji machafu na sabuni. Wakajenga mitambo ya kusafisha maji ya mji, na mwaka wa 1986 Uswisi ikakataza fosfati katika sabuni ya kufulia. Nilifikiri chupa za plastiki zinazoelea Ruzizi mpaka zinasumbua mashini za umeme.

Niliketi nikatia miguu tu ndani ya maji. Bibi mmoja wa nywele nyeupe alitoka ziwani, akaketi karibu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza, nikajivunia ziwa langu. Akafurahi: "Basi wewe unaogelea vizuri!"

Nilikosa jibu. Nina miaka 36, nimezaliwa hatua chache kutoka Kivu, nimeteka maji yake kwa bidoni tangu utoto, nimekula sambaza zake, na sijui kuogelea. Kaka zangu walijifunza wenyewe kwa kutoroka. Sisi wasichana mama alitupiga tukichelewa ziwani, kwa woga wa mapenzi. Alitaka kutukinga na maji. Lakini sisi wanawake ndio tunaopanda mashua kwenda Idjwi na Goma na mizigo yetu, watoto mgongoni.

Bibi hakunicheka. Alinionyesha ngazi. Nikashuka na nguo zangu za michezo, maji yakafika mabegani, baridi kama barafu. Akaweka mkono wake chini ya mgongo wangu, akasema nitazame mbingu na nipumue polepole. Nilielea, labda kwa kuhesabu mpaka kumi. Mwenzangu wa Burundi alipiga makofi kama kwenye arusi.

Mabati nilinunua, msihangaike. Lakini nilirudi pia na neno kwa binti yangu wa miaka tisa: likizo hii, kaka yangu atamfundisha kuelea, mahali pasipo na kina, mimi nikiwa nimesimama hapo, nami nitajifunza naye. Mama mwenye binti anayetaka kujiunga aniambie siku ya mkutano. Na tena naomba tuweke neno moja kwenye mazungumzo yetu: tunaposafiri kwa mashua, mama wa shirika letu asilipe nauli kabla ya kuonyeshwa jile yake. Tukikataa watu ishirini kwa pamoja, mwenye mashua atazileta.

Mama mkwe, asante. Safari ile ilikuwa yako pia.