Boti ni ya Nani

Sirisia haina ziwa. Tuna Mto Lwakhakha unaotutenganisha na Uganda, tuna Malakisi, na msimu wa mvua tuna mitaro ambayo watoto huivuka kwa kuruka. Mtu wa kwetu akikwambia ana boti, kwanza unamwangalia kama amelewa. Lakini katika ukoo wetu kuna boti mbili, na mwaka mzima uliopita mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea watu karatasi zake. Nilifika chuo, kwa hivyo nyumbani wanaamini chochote kilichoandikwa kwa Kiingereza ninakielewa.

Ya kwanza iko Marekani, jimbo la Washington, karibu na Seattle. Ni ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Anafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunza wazee, na siku zake za mapumziko haendi kanisani wala mall, anakwenda majini. Alinunua boti ya mtumba ya futi 27, ina kitanda kimoja na jiko la kuchemshia chai. Aliponitumia picha, mama alitazama simu muda mrefu kisha akauliza, “Na ng'ombe je?”

Ya pili ilikuwa ya khocha, ndugu ya mama, aliyehamia bichi moja ya Busia karibu na Port Victoria nikiwa bado shule ya msingi. Alikwenda kununua samaki awauze Chwele na Bungoma, akapenda maji, akapenda na mwanamke wa huko, akabaki. Boti yake ya mbao ilikuwa na injini ya Yamaha. Alivua mbuta, na mbuta walipopungua akavua omena.

Kaka ndiye aliyeanza. Saa nane usiku yetu, simu inalia. “Bro, hebu nisomee hii kitu. Kuna kusajili na jimbo, kuna kusajili na serikali kuu. Nichukue gani?”

Nilidhani ni jibu la dakika tano. Kumbe Wamarekani wamekuwa wakiliandika swali hilo tangu 1789, Bunge lao la kwanza lilipopitisha sheria ya kusajili vyombo vya majini kabla hata ya kumaliza mwaka wake wa kwanza. Usajili huo wa serikali kuu siku hizi unasimamiwa na Walinzi wa Pwani, na ofisi yake iko mji mdogo unaoitwa Falling Waters, West Virginia. Nilifungua ramani. Bahari haiko karibu. Ni mto tu, kama sisi. Hiyo ilinifurahisha kuliko ilivyostahili.

Ule wa jimbo ni wa kawaida zaidi. Unalipa ada, unapewa namba inayoanza na herufi za jimbo, WN kwa Washington, unaibandika ubavuni upande wa mbele kwa herufi zisizopungua inchi tatu, na kibandiko cha mwaka. Ni kama namba ya pikipiki. Hawakuulizi wewe ni raia wa wapi.

Serikali kuu inauliza. Chombo lazima kiwe na angalau tani tano, na tani hapa si uzito, ni ukubwa wa nafasi iliyo ndani yake, kwa hivyo boti ya futi 25 au zaidi mara nyingi inafika. Halafu mwenye boti lazima awe raia wa Marekani. Kadi ya kijani haitoshi. Miaka yote ile kaka analipa kodi, anageuza wazee wa Kimarekani kitandani wasipate vidonda, na bado boti yake haingeweza kubeba bendera kwa karatasi. Nilipomsomea alikaa kimya, kisha akacheka: “Kwa hivyo boti inataka kuwa raia kabla yangu.”

Ukitimiza masharti, faida zipo. Boti inakuwa na utaifa, na ukivuka kuingia Kanada au kwenda mbali zaidi karatasi hiyo inajulikana. Benki zinaipenda kwa sababu rehani ya boti huandikwa katika daftari la taifa, na kwa mkopo mkubwa nyingi zinadai usajili huo. Namba za WN huhitaji tena, badala yake unaandika jina la boti na mji wake kwa nje, na namba rasmi kwa ndani, mahali ambapo haitabanduka. Ada ya boti ya starehe ni dola 26 kwa mwaka. Lakini Washington nayo haikuachilii, manze. Hata ukiwa na karatasi ya taifa unasajili jimboni, unabandika kibandiko, na unalipa kodi ya nusu asilimia ya thamani ya boti kila mwaka. Serikali mbili, boti moja, na mfuko ni ule ule.

Mtu aliyekulia Lwakhakha hashangazwi na kitu kubadilishwa utaifa na maji. Baba zetu bado wanasimulia Chepkube. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka mto usiku, kwa punda, kwa baiskeli, kwa migongo ya watu. Ikifika upande huu inakuwa ya Kenya. Soko la Chepkube, mahali ambapo leo ungepita bila kugeuza shingo, lilijaa pesa mpaka watu wakatoka mbali kuja kuliona. Kahawa ile haikuwa na karatasi yoyote. Ilikuwa na gunia tu, na gunia halikuulizwa.

Ziwani mambo ni makali zaidi. Kenya ina takriban asilimia sita tu ya Ziwa Victoria, sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda, na samaki hawajui mstari uko wapi. Migingo, jiwe dogo lililojaa mabati, limewagombanisha Kenya na Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Wavuvi wetu wamekamatwa, boti na injini zimechukuliwa. Mvuvi akisimamishwa katikati ya maji na mtu mwenye bunduki, swali la boti hii ni ya nchi gani si la wanasheria tena.

Khocha alikuwa na karatasi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Nilizisoma baada ya mazishi yake. Aliugua, hakuzama. Nalitaja hilo kwa sababu kila mtu huuliza.

Katiba ya 2010 imegawanya kazi katika Jedwali la Nne. Serikali ya kitaifa imepewa safari za majini, pamoja na usafiri wa anga za juu, ambao sijui nani aliuomba. Kaunti zimepewa uvuvi, na pia feri na bandari, ila si usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Kwa mvuvi maana yake ni milango miwili, na kabla ya yote miwili kuna wa tatu, bichi yenyewe. Usalama wa chombo ni wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa 2004 na kupata sheria yake 2006. Leseni ya kuvua ni mambo ya uvuvi. Na tangu kanuni za 2007 kila bichi ina kamati ya wavuvi wenyewe, na kamati ina kitabu. Ndani ya kitabu kuna jina la boti, namba yake, na mwenyewe.

Jina la khocha lilikuwa kote kulikohitajika. Mke wake, ambaye sisi humwita mayi kama mama yetu, alikuwa na watoto watatu shuleni na boti moja. Wiki ya pili baada ya mazishi akaja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini, mpole kabisa, na risiti ya injini kwa jina lake. Alikuwa pia na karatasi ya daftari iliyotiwa sahihi na khocha, kwamba alitoa nusu ya pesa za mbao. Akataka boti.

Nilitumwa huko kama mjuzi. Nilibeba karatasi zote, nikiwa na hakika kwamba cheti chenye nembo ya taifa kitamaliza maneno. Mwenyekiti wa bichi, mzee mwenye kofia ya Gor Mahia, alikisoma taratibu, akanirudishia. “Mwanangu, hii inasema boti ilikaguliwa iko sawa. Hii ingine inasema aliruhusiwa kuvua. Hakuna inayosema alilipa mbao.”

Nilibishana naye kidogo. Halafu usiku, nikiwa nimelala kwenye kochi la mayi, nikakumbuka mstari niliousoma kwa ajili ya kaka. Sheria ya Marekani yenyewe, baada ya mambo yote ya tani na raia na Falling Waters, inasema wazi kwamba cheti kile si uthibitisho wa mwisho wa umiliki pale umiliki unapobishaniwa. Kwa mataifa mengine kinathibitisha utaifa wa chombo. Lakini ndugu wawili wakigombania boti, cheti pekee hakiwatoshi, wanarudi kwenye hati ya mauzo na mashahidi. Yaani nchi yenye satelaiti zote hizo iko mahali pamoja na mzee wa kofia. Serikali hujua chombo ni cha bendera gani na kina usalama gani. Nani alitoa jasho, hilo linajulikana na waliokuwepo.

Waliokuwepo wakaitwa. Fundi aliyeunda boti alikuwa hai, akaja na msumeno wake begani kama kwamba angehitajika kuonyesha. Akasema khocha alimlipa kwa awamu, nyingine kwa samaki. Wavuvi wawili wakasema mfanyabiashara alikuwa akichukua hisa yake ya mauzo kila wiki kwa miaka minne, na kwa hesabu yao nusu yake ya mbao ilisharudi zamani. Yeye hakukana. Alisema tu, “Injini ni yangu.”

Na ilikuwa yake. Kamati ikaandika: boti kwa mjane, injini kwa mwenye risiti. Asubuhi iliyofuata vijana waliifungua skrubu moja moja, wakaibeba begani hadi kwenye pikapu. Mayi alisimama akitazama boti ikikaa juu zaidi majini, nyepesi upande wa nyuma.

Kaka aliposikia alinyamaza. Wiki hiyo alikuwa ameapishwa uraia, na katiba yetu inamruhusu kubaki Mkenya vilevile, kwa hivyo sasa boti yake ingeweza kupata karatasi ya taifa. Alikuwa ameshachagua jina, Sirisia. Alitaka na mji wa nyumbani wa boti uwe Sirisia, nikamsomea kwamba lazima uwe mahali ndani ya Marekani. Akaniambia niache kwanza. Pesa alizoweka za ada na za kuchora herufi, pamoja na nyingine, zilikuja kwa M-Pesa Ijumaa. Hazikutosha injini. Zilitosha kukodi moja kwa miezi miwili, na mayi akakodi.

Mwenyekiti alifungua kitabu mbele yangu. Hakufuta jina la khocha. Alipiga mstari mmoja wa rula katikati yake, ili lisomeke, akaandika la mayi juu kwa kalamu nyekundu, kisha akamwuliza kama jina la boti libadilishwe. Mayi akasema libaki, rangi ni ghali.