Bamba Lililokosa Kazi

Mjomba wangu ana karakana ya useremala kule Gikomba, Nairobi, na ndiye anayenilipia karo tangu nijiunge na kidato cha kwanza. Kwa hiyo kila likizo ya Agosti mimi huwa sina habari ya kulala hadi saa tatu. Hurauka na kwenda naye kazini, nikafagia maranda, nikapiga msasa, na kushika mbao upande wa pili zinapopasuliwa.

Siku moja nilimkuta amekasirika. Alikuwa amenunua meza kuukuu ya rauta kwa mfanyabiashara fulani, na ndani ya gunia la vifaa vyake mlikuwa na mabamba mawili badala ya moja. Kwa wale ambao hawafanyi somo la useremala, rauta ni mashine ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye biti inayozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kazi yake ni kuchimba mifereji na kurembesha kingo za mbao. Lakini ukiigeuza kichwa chini, ukaifunga chini ya meza, biti ikachungulia juu, basi unakuwa unasukuma mbao badala ya kusukuma mashine. Bamba ndilo linaloishikilia rauta hapo mezani.

Bamba la kwanza lilitoshea. La pili matundu yake hayakulingana na rauta yoyote katika safu yetu nzima, na tulijaribu kwa majirani wote. Yule mwuzaji alikuwa ameapa, "Hiyo ni spea, mzee, siku moja utanishukuru." Kumbe hata hiyo "spea" alikuwa ameitoza bei! Mjomba akaniamuru nilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu wakalipime kwa kilo.

Nikalitazama. Lilikuwa la alumini, unene wa milimita 9 na nusu hivi, upana 235 na urefu 298, limenyooka twaa kama kioo. Nikajitia mwanachama shupavu wa Chama cha Kiswahili nikamwambia, "Mjomba, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Huo si mbacha," akanijibu, "hicho ni chuma tu. Haya, ukikipatia kazi kikae. Usipokipatia kabla ya Jumamosi, kiende."

Mama anayetupikia chai ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipatia kazi. Alilifanya kigao cha sufuria, na sisi tukacheka. Siku ya pili nikalinyunyizia maji, nikalitandika karatasi ya msasa namba 220, nikanoa patasi juu yake, kisha namba 400, kisha 1000. Kwa kuwa bamba halijapinda popote, mgongo wa patasi ulinyooka na makali yakaweza kunyoa nywele za mkono. Jiwe letu la kunolea lilikuwa limelika katikati kama tumbo la mashua, hivyo Mjomba alinyamaza kidogo. Lakini hakusema lolote.

Siku ya tatu nikafunga jigso chini ya bamba, msumeno wake ukatokeza juu. Kwenye plaiwudi ya milimita 6 ilikata maua vizuri mno. Kwenye ubao mnene ilikuwa aibu tupu: ule msumeno hauna kitu cha kuushika kwa juu, basi ulikuwa ukilala upande, na mkato ukatoka umeinama. Nikafungua kila kitu kabla Mjomba hajarudi kutoka kunywa chai.

Ijumaa ikaingia kazi kubwa. Mwenye hoteli moja alitaka meza nane za mviringo, kipenyo sentimita 90 kila moja, za mahogani. Mjomba akanivuta kando. "Kazi hii ndiyo karo yako ya muhula wa tatu," akasema. "Tukiiharibu, utaenda shule na barua ya kuomba msamaha."

Hapo ndipo akili yangu iliponijia. Meza za mviringo tulikuwa tukizikata kwa msumeno, halafu siku nzima ikapotelea kwenye tupa na msasa, na bado ukiitazama meza kwa jicho moja unaiona ina nundu. Nikamwambia: tutoboe bamba matundu yetu wenyewe yanayolingana na rauta, tulifungie mkono mrefu wa ubao, na mwisho wa mkono tupige msumari. Msumari ukiwa katikati ya meza, rauta itazunguka kama mguu wa bikari. Mjomba akaifikiria, akakubali.

Tulifungua kitako cha plastiki cha rauta tukakitumia kuwekea alama. Alumini ina tabia ya kung'ang'ania ncha ya dirili, kwa hiyo tulidondoshea mafuta ya taa kidogo kidogo, na ikakatika kama jibini. Tukapanua midomo ya matundu ili vichwa vya skrubu vizame, maana vikibaki juu vitaikwaruza mbao. Meza tukaigeuza uso chini ili tundu la msumari lisionekane juu. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kupima, kwa sababu eti nasoma hisabati.

Nikapima sentimita 45 kutoka msumari hadi katikati ya biti. Mjomba akavaa miwani, akawasha, akaenda kinyume cha mwendo wa saa, akishusha milimita 5 kila mzunguko. Mbao ilikuwa na unene wa milimita 25, basi mizunguko ilikuwa mitano. Ukingo ulitoka laini ajabu! Majirani wakaja kutazama. Nilijiona bingwa.

Kisha Mjomba akaweka futi. Sentimita 88 na milimita 8.

Akapima mara ya pili. Akapima upande mwingine. Mimi tumbo lilianza kunikata, kwa maana nilikuwa nimeshafahamu. Biti ilikuwa na upana wa milimita 12, na nusu yake, yaani milimita 6, ililia upande wa meza. Nilipaswa kupima hadi ukingo wa ndani wa biti, si katikati. Milimita 6 kila upande ni 12, ndizo hizo zilizokosekana. Tena ilikuwa mahogani kutoka Kongo! Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, Februari 2018, mafundi wa Gikomba walijifunza kuhesabu hata vipande vya kuwashia moto, sembuse ubao mzima.

Afadhali angenigombeza. Aliketi tu juu ya benchi akaitazama ile meza, nami nikaitazama mikono yangu. Nilitaka kusema "nisamehe" lakini neno likakwama kooni.

Baada ya muda mrefu akauliza, "Zimepungua ngapi kila upande?"

"Sita, Mjomba."

"Basi tutazirudisha sita."

Jioni hiyo tulipasua vijiti vya mvule vya unene wa milimita 2, virefu karibu mita 3. Ukiukunja ubao wa milimita 6 kwenye mviringo ule utavunjika, lakini wa 2 unakubali. Tukazungusha cha kwanza kwa gundi, tukakikaza kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uliokatwa ukawa mkanda mrefu. Cha pili kesho yake asubuhi, cha tatu jioni. Tatu mara mbili, sita. Nilizipiga msasa zile tabaka mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, wala sikuomba. Tulipopima ilikuwa sentimita 90 kamili, na mstari wa mvule ukizunguka ukingo kama mshipi.

Zile saba zilizobaki nilipima mara tatu kila moja, nikiwa nimeandika kwa penseli juu ya bamba lenyewe: NDANI YA BITI.

Mwenye hoteli alikuja Alhamisi. Akazizunguka, akasimama mbele ya ile yenye mshipi. "Na hii mbona ni tofauti?"

Mjomba akanitazama, kisha akamjibu, "Hiyo tulikosea tukairekebisha. Ukitaka, nitakupunguzia bei yake."

Yule bwana akaipapasa ukingo kwa kidole. Akasema hiyo ataiweka karibu na mlango, na bei akalipa yote. Mjomba alinihesabia karo papo hapo, akatoa humo pesa ya mvule na gundi, akanirudishia futi nikaendelee na kazi.

Jumamosi ilikuwa imeshapita zamani. Bamba bado linaning'inia ukutani, maandishi ya penseli juu yake, na yule mama wa chai kila siku huniuliza ni lini atarudishiwa kigao chake.