Elimu ya Kupatanisha

Amani ni neno jepesi ulimini, lakini ni zito mikononi. Kila mtu hulitamka, na wachache hujua namna ya kulifanyia kazi. Kwa muda mrefu nalidhani ya kuwa kupatanisha watu si jambo la kujifunza. Nalidhani ni kipawa cha wazee wenye mvi, au ni kazi ya askari na hakimu. Insha hii yaeleza jinsi nilivyoachana na dhana hiyo, na jinsi mtoto wa watu alivyolipa gharama ya ujinga wangu kabla sijaiacha.

Nalipata mafunzo ya ualimu katika chuo cha Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, mahali pajulikanapo kwa shule zake. Tulikuwa wanachuo wa makabila mbalimbali, tukila pamoja, tukicheza pamoja na kusahihishana makosa. Nalitoka huko na cheti mkononi, nami nalijiona mtu asiye na upendeleo. Ndivyo ajionavyo kila mtu ambaye hajajaribiwa.

Jaribio langu lilinijia mwaka 2022, katika shule moja ya bweni upande wa kuelekea Sondu. Jioni moja, nikiwa mwalimu wa zamu, mwanafunzi wa darasa la 7 alinijia akilalamika kwamba blanketi lake limeibwa, na kwamba limeonekana kitandani kwa mwenziwe. Mshtaki alikuwa Mluo kama mimi. Mshtakiwa alikuwa Mkipsigis, kijana mpole, msemaji mchache. Nilipomwita aliinamisha kichwa asiseme neno. Nalikichukua kimya kile kuwa ni kukiri. Asubuhi nalimpa barua ya kumwita mzazi wake, nikamrudisha kwao.

Haukupita muda ila mapigano yakazuka Sondu. Soko la Sondu liko mpakani, na ndipo Waluo na Wakipsigis wakutanapo kuuza na kununua. Mwezi wa Oktoba mwaka ule watu walikufa huko na nyumba zilichomwa moto. Njia ya kijana yule kurudi shuleni ilipita papo hapo. Siku zikapita, kitanda chake kikiwa kitupu. Usiku nalilala nikikiona kitanda kile. Kisha wanafunzi wenziwe wakaninong'oneza ukweli: blanketi halikuibwa. Liliazimwa usiku wa baridi, na baadaye wale wawili wakakosana kwa sababu ya neno moja tu, neno "mgeni."

Njia ilipotulia nalikwenda kwao kijana. Bibi yake alinikaribisha, akanipa maziwa ya kibuyu, akanisikiliza mpaka mwisho wa maelezo yangu marefu. Kisha aliniuliza swali moja: "Mwalimu, ulimwuliza?"

Sikuwa na jibu. Swali lile lilinirudisha shuleni, safari hii nikiwa mwanafunzi. Nalimwendea rafiki yangu mmoja aliyesoma masomo ya amani na migogoro katika chuo kikuu, nikamweleza yote. Hakunilaumu wala hakunisifu. Aliniazima vitabu, akaniambia nisome kwanza, tuzungumze baadaye.

Katika kusoma nalikutana na habari za Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke wa Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikipigana. Usiku mmoja risasi zililia karibu na nyumba yake, naye akajificha chini ya kitanda pamoja na mtoto wake. Kulipokucha, mama yake alimkumbusha kwamba katika miaka ya 1960 yeye naye alimficha Dekha, angali mtoto mdogo, chini ya kitanda vivyo hivyo. Dekha akaona ya kuwa hofu ile imekuwa urithi, na kwamba asipotenda jambo, binti yake naye atakuja kuwaficha wanawe.

Yeye na wanawake wenziwe walianzia sokoni, kwa kuwa uadui ulikuwa umefika hata huko. Waliamua ya kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake, wakateua waangalizi wa kulilinda neno hilo. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, vijana na watumishi wa serikali. Mwaka 1993 wazee wa koo walifikia mapatano yajulikanayo kama Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2000 Dekha na wenzake walitoa kitabu kuhusu kazi ya kushughulikia migogoro. Mwaka 2005 John Paul Lederach, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, aliwasimulia wanawake wa Wajir katika kitabu chake. Na mwaka 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011, lakini kazi yake yafundishwa hata leo.

Tazama, basi, safari ya elimu hii. Ilizaliwa sokoni, ikaingia kitabuni, ikafika chuo kikuu. Nchini Kenya, Taasisi ya Hekima ya Nairobi ilianza kufundisha masomo ya amani mwaka 2004. Katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, mtu aweza kusoma amani na migogoro hata afikie shahada ya uzamifu. Haja ya masomo hayo ilidhihirika baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, wakati watu zaidi ya 1,100 walipouawa na mamia ya maelfu kukimbia makwao, hata mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan na wenzake.

Walakini lililonivutia kuliko yote ni la jirani zetu wa Uganda. Katika Chuo Kikuu cha Makerere kimeanzishwa Kituo cha Amani cha Rotary, cha kwanza cha aina yake barani Afrika, nacho kilipokea kundi lake la kwanza mwaka 2021. Wanafunzi wake ni watu wazima wenye kazi na uzoefu. Hukaa chuoni majuma machache tu, kisha kila mmoja hurudi kwao kwa muda wa miezi 9 hivi, kutekeleza mradi wa amani aliouandaa mwenyewe, ndipo akamilishe masomo yake. Kwa maneno mengine, elimu iliyotoka sokoni hurudishwa sokoni ikapimwe huko. Watu wahesabupo mafanikio ya chuo hutaja vyeti na majoho. Mimi naona fanikio kubwa ni hilo la kumrudisha msomi kwa wale wanaogombana.

Nami nalirudi kwa wagombanao wangu. Kijana alikuja shuleni, bibi yake akimsindikiza. Naliwaketisha wale wawili chini ya mti, mbali na macho ya wenzao. Rafiki yangu alikuwa amenionya nisianze kwa kutafuta mkosaji. Alinifundisha kumwuliza kila mmoja, kwa zamu, pasipo kumkatiza: ni jambo gani lililotokea? Lilikuuma vipi? Wataka nini kitendeke sasa? Kwanza, hata hivyo, naliwaomba radhi wote wawili, kwa maana mkosaji wa kwanza nalikuwa mimi.

Mshtaki alisema kwamba shangazi yake alifukuzwa Kericho mwaka 2008 akarudi nyumbani mikono mitupu, na kwamba tangu utotoni alisikia habari hizo kila jioni. Mwenziwe alipomkatalia kumrudishia blanketi upesi, alimwona kuwa ni mmoja wa wale waliomfukuza shangazi. Mtoto hakuwa amezaliwa mwaka ule, lakini naye alikuwa amefichwa chini ya kitanda.

Kisha nalimgeukia yule mwingine, nikamwuliza kwa nini alinyamaza jioni ile. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema: "Nilijua wewe ni wa kwao, mwalimu."

Nimesahihisha mitihani mingi, lakini sijapata kusahihishwa kama siku ile. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mimi naliivuta wala sikujua kama mikono yangu inavuta.

Siwezi kusema ya kuwa walitoka hapo wakiwa chanda na pete. Mmoja aliomba neno "mgeni" lisitajwe tena bwenini, na mwingine aliomba vitu viazimwavyo virudishwe siku iliyoahidiwa. Walikubaliana hayo mawili tu, wakayatimiza. Mwaka 2023 walifanya mtihani wa darasa la 8 wakiwa chumba kimoja, na usiku wa kuamkia mtihani naliwakuta wakiulizana maswali ya hesabu.

Ndugu zangu wanafunzi, huenda mmoja wenu akafika Makerere au Kakamega akasomea amani. Nitafurahi sana. Lakini msingoje hata mfike huko. Bwenini mwenu mna blanketi, mna ndoo, mna majina mabaya mnayoitana. Siku mtakayoletewa mashtaka ya mwenzenu, naye amenyamaza, likumbukeni swali la bibi yule wa Kipsigis kabla hamjasema neno. Mimi nalikumbuka kila niwapo zamu.