Mtoto wa Uzeeni

Mama alikuwa na miaka 42, baba 50, tulipojaliwa mimba tena. Hapa Ngara waumini walitukumbusha Elisabeti. Ndugu zetu wa Biharamulo walinong'ona juu ya laana. Muuguzi alitueleza wazi: kwa mama wa miaka 40, takriban mtoto mmoja kati ya 100 huwa na sindromu ya Down, yaani kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Ultrasaundi ya wiki ya 11 hadi 14 hutazama maji ya shingoni mwa mtoto, nayo huonyesha uwezekano tu.

Wengine walisema kupima ni kukosa imani. Tuliomba, tukauza ndama, tukaenda Mwanza. Mtoto tulikwisha kumpokea. Tulitaka kujua tumzalie wapi, maana karibu nusu ya watoto hao huwa na tatizo la moyo. Tuliambiwa uwezekano ni mkubwa, tukajiandaa.

Binti yetu sasa ana miaka mitatu, na kwaya ikiimba hupiga makofi. Wapendwa, mama akipata mimba ukubwani, tumsindikize kliniki mapema, tukimwombea. Manong'ono tuyaache.